Chujio la Gunia Jeupe

Jumatatu, 13 Januari 1958

Nimesafisha chujio la hewa tena. Mara ya tatu mwezi huu. Nimeligonga juu ya jiwe, nikaliosha kwa petroli, nikalianika. Vumbi lililotoka ni jeupe kama unga. Hapa Kariandusi kila kitu ni cheupe: mabati, mbuzi, kope za wachimbaji.

Pikipiki ni kuukuu, ya jeshi, na ina kigari chake cha ubavuni. Hunifikisha kwenye shule ninazokagua. Kwenye tambarare haina neno. Mlimani ndipo inapokufa moyo. Ijumaa nilipanda mlima wa Bahati kwa gia ya kwanza, na kigari kilikuwa kitupu.

Mwishoni mwa mwezi ujao hakitakuwa kitupu. Njoki, binti yetu, anakaribia kujifungua. Yuko Subukia, ambako mumewe Mwangi ni karani wa maziwa kwenye shamba la mzungu. Mtoto wake wa kwanza alikufa. Siku mbili za uchungu, kisha safari juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Daktari alisema wa pili lazima azaliwe hospitalini Nakuru, na mama afike mapema. Nimeahidi kumleta mwenyewe. Kutoka Subukia hakuna njia ila kupanda ule ukingo wa bonde.

Mama Njoki, mke wangu, amependekeza gari la maziwa. Nimemweleza kwamba lile lori linaruka kama punda, na kwamba kigari changu kina springi.

Jumatano, 15 Januari

Jaribio. Nimefunga mawe kigarini, uzito wa Njoki kwa kukisia, nikapanda kilima kilicho nyuma ya machimbo. Mara ya kwanza na chujio la jeshi: gia ya kwanza, ikazimika kwenye mpungate, nusu ya njia. Mara ya pili bila chujio kabisa: gia ya pili hadi kwenye tangi la maji, na ilikuwa bado inataka kwenda.

Naandika sababu nisije nikasahau. Injini hupumua. Huko juu hewa ni nyepesi, lakini kabureta hutoa petroli ileile. Mchanganyiko unakuwa mzito na plagi inakuwa nyeusi kwa masizi. Chujio lililojaa vumbi ni kama kumbana pua mtu anayepanda mlima. Ukimwachia pua, anapanda. Plagi ya leo imetoka na rangi ya kahawia, rangi nzuri.

Lakini huwezi kukimbiza injini wazi kwenye vumbi hili. Nahitaji chujio jepesi.

Jumamosi, 18 Januari

Nimelipata. Nashangaa sikuliona mapema.

Udongo wetu mweupe ni magamba ya viumbe vidogo vilivyoishi ziwani zamani sana, kabla ya watu. Kila gamba lina matundu madogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Ndiyo maana wanausafirisha ng'ambo: hutumika kuchujia sukari na pombe. Sasa, gunia la kitambaa linalobeba unga mwembamba hivyo bila kuumwaga, litashindwaje na vumbi la barabarani? Tena hewa inapita. Nimejaribu kwa mdomo.

Karanja, jirani yetu anayefanya kazi machimboni, ameniletea gunia lililotupwa. Mama Njoki amelifua mara tatu. Nimelishona tabaka mbili juu ya fremu ya waya, nikalifunga kwenye mdomo wa kabureta.

Karanja amecheka hadi akashika ukuta. "Mwalimu, umeivalisha pikipiki suruali yangu ya kazi!"

Mama Njoki hakucheka. "Baba Njoki, hii unga haitoki. Nafua nguo za hawa watu miaka yote. Haitoki." Nikamweleza habari ya magamba na matundu, tangu mwanzo. Alinisikiliza kama wanafunzi wanavyosikiliza wakijua kengele iko karibu.

Jumanne, 21 Januari

Bahati kwa gia ya tatu! Gia ya tatu, mimi na mzigo wa vitabu. Sauti imebadilika, imekuwa nene. Nilifika Kabazi mapema, nikasimama pale juu nikaangalia bonde la Subukia chini, mahali Njoki alipo. Nimefurahi kama mtoto.

Mchana nilichora chujio ubaoni kwa darasa la sita. Waliuliza maswali mazuri. Jioni nikamweleza mchungaji. Labda nilizidisha.

Alhamisi, 6 Februari

Oili imepungua. Nimeongeza kikombe.

Joto ni kali, huenda ni hilo.

Jumapili, 9 Februari

Moshi wa buluu baada ya ibada. Watu walitazama. Nimeongeza oili tena. Labda gasketi.

Jumanne, 11 Februari

Pedali ya kuwashia imekuwa laini. Zamani ilirudisha mguu kwa nguvu. Sasa inashuka kama mguu ndani ya tope.

Najua maana yake. Sitaki kuiandika leo.

Ijumaa, 14 Februari

Ofisi ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, imenipa pasi ya kwenda Subukia; siku hizi za Hali ya Hatari hatutembei bila karatasi, na pasi yangu ya ukaguzi inaishia Kabazi. Ni ya Jumatano tarehe 19, siku moja, kutoka huko kabla ya saa kumi na mbili jioni. Karani alinionya: ikipita siku hiyo, naomba upya na kungoja zaidi ya juma moja. Njoki hana juma la kungoja.

Nimewasha injini uani. Moshi. Nikaizima. Mama Njoki alikuwa anapepeta maharagwe. Aliinua kichwa, akasikiliza, akaendelea kupepeta.

Nimegeuza kitambaa upande wa pili.

Jumatatu, 17 Februari

Mama Njoki ameenda Nakuru kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa. Atalala kwa dada yake. Amebeba kikapu kikubwa kuliko mkutano, nimeona. Sikufikiri zaidi.

Nimeweka godoro dogo kigarini, na blanketi. Nikaomba.

Jumatano, 19 Februari

Naandika nikiwa Nakuru, kwa shemeji yangu. Nataka kuandika kwa mpangilio.

Niliondoka alfajiri. Hadi Nakuru pikipiki ilikwenda kwa kunung'unika. Bahati nilianza kwa gia ya pili, nikashuka ya kwanza. Nilitia oili mara mbili. Karibu na Kabazi ilikohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Nilisukuma pedali kwa mkono, kwa mkono tu, ikashuka. Hakuna kinachobana tena mle ndani. Nikaiacha kwa mzee mmoja muuza viazi, nikaanza kushuka kwa miguu.

Muda wote nilikuwa nahesabu. Nikifika mchana, tutarudi na nini? Nani atampandisha ule ukingo? Pasi inakwisha saa kumi na mbili. Akilini nilimwona Njoki kwenye mkokoteni tena. Nililia njiani, mtu wa miaka yangu. Watoto wachunga mbuzi waliniamkia, nikawapungia mkono nikipita.

Nilifika. Mlango umefungwa. Kitanda kitupu, kimetandikwa.

Mwangi alitoka kwenye banda la maziwa akikimbia, mikono imelowa. "Baba! Kwani hukuambiwa? Wameenda jana na gari la maziwa. Mama alikuja Jumatatu jioni na kina mama wawili, kwa pasi ya kanisa, wakaongea na dereva. Wamemkalisha mbele, mito pande zote. Saa hii yuko hospitali."

Nilikaa chini, pale pale kwenye nyasi. Nilifurahi na nikaona aibu, vyote pamoja, na sikujua kipi ni kikubwa.

Mwangi alinipakia kwenye lori la mchana. Ni kweli linaruka kama punda. Linafika.

Alhamisi, 20 Februari

Nimemwona Njoki wodini. Amenenepa uso. Ananionea huruma mimi, badala ya mimi kumwonea yeye.

Mama Njoki tulikaa naye kwenye benchi la nje. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alifunga na kufungua fundo la leso yake.

"Ningekuambia, ungenieleza, Baba Njoki."

Basi. Hakukasirika. Nimelifikiria neno hilo siku nzima.

Jumatatu, 24 Februari

Pikipiki imeletwa Nakuru juu ya lori la viazi. Fundi Mhindi amefungua kichwa cha injini mbele yangu. Akapitisha kidole ndani ya silinda, akanitazama juu ya miwani.

"Mwalimu, nani napiga hii silinda msasa?"

Ni mimi. Ringi zimelika, kuta zina mikwaruzo toka juu hadi chini. Magamba yale ni ya kitu kimoja na kioo. Nilijua. Nimewafundisha watoto jambo hilo miaka mingi, na chaki mkononi. Kitambaa kilizuia vumbi la barabara vizuri kabisa. Kilichoingia ni kile kilichokuwa ndani ya nyuzi zake, kidogo kidogo, kila injini ilipovuta pumzi. Nilijaribu kitambaa kwa mdomo wangu, sikukijaribu kwa mikono ya mtu anayekifua.

Kama Njoki angeningoja mimi, angekuwa bado Subukia.

Ijumaa, 28 Februari

Uchungu ulimshika Njoki jana asubuhi. Mchana daktari akasema mtoto hawezi kupita, wakampasua mama. Daktari ametuambia wazi: njiani wasingepona.

Msichana. Wote wawili wazima.

Yule wa kwanza, marehemu, alikuwa amepewa jina la mama yake Mwangi. Huyu ni binti wa pili, kwa hiyo kwa desturi anachukua la bibi yake wa upande wetu. Ameitwa Wambui, jina la mke wangu. Ningeweza kuandika sababu nyingine ya jina hilo kumfaa. Desturi inatosha.

Jumapili, 16 Machi

Nyumbani. Silinda imechongwa upya, pistoni ni kubwa kidogo. Nimerudisha chujio la jeshi, zito, na nitalisafisha kila jioni. Fundi amebadilisha sindano ya kabureta ili petroli ipungue huko juu. Jambo dogo, la kufaa, ambalo nilipaswa kuliuliza Januari. Nimepanda kilima cha machimbo na mawe yaleyale: gia ya kwanza, taratibu, hadi kwenye tangi.

Karanja alipita akauliza suruali yake imekwenda wapi, na kwa nini injini iliharibika. Nikamwambia amwulize Mama Njoki. Alimweleza kwa maneno matatu.

Kile kitambaa cha gunia amekifua tena. Amekiweka mlangoni, cha kufutia miguu. Nimefuta yangu, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kuingia.