Mashine ya Elia Imepotea Saa

Jumatatu, 2 Juni

Nimefuta vumbi kwenye mashine. Kila asubuhi nafuta, kwa kipande cha shati la mistari la marehemu mume wangu. Upepo wa Mkonze mwezi huu hauna adabu. Elia alisema vumbi likiingia ndani mashine hukohoa kama mzee. Elia hayupo. Bado namfutia.

Leo mashine ina shida. Umeme ulikatika jana hadi asubuhi. Uliporudi, tarehe yake imerudi nyuma miaka mingi. Hii ndiyo mashine ya lango: intaneti inatoka kwenye antena juu ya bati, inaingia kwake, naye anatugawia. Anagawa na saa pia. Laptopu ya Rehema, mpangaji wangu, imefuata tarehe hiyo ya uongo na sasa kila ukurasa unamkataa. Ni laptopu ya chuo, saa yake haiguswi kwa mkono. Ijumaa asubuhi ana mtihani, humo humo kwenye mtandao.

Yona, mdogo wake Elia, amepiga simu. Nimemweleza. "Shemeji, hilo kopo liwekee mtama. Alhamisi jioni nakuletea kiboksi kipya cha intaneti, tumemaliza." Anatania, lakini kiboksi atakileta. Namjua. Na mashine ya kaka yake ataing'oa.

Sitaki. Nina hadi Alhamisi.

Jumanne, 3 Juni

Nimeifungua. Elia alikuwa anapenda mimi ndiye nichape, yeye ananisomea huku anakula karanga. Mikono yake ilijaa maganda. Kwa hiyo najua wapi ni wapi.

Ndani kuna betri ndogo, bapa, kama ya saa ya mkononi. Ndiyo inayokumbuka saa umeme ukikatika. Imekufa. Nikaenda Majengo kwa fundi saa. Kaitazama tu, kanipa nyingine. Nikapita kununua karanga. Sijui kwa nini, mimi sizipendi.

Betri mpya ndani. Nimeandika tarehe na saa kama simu inavyoonyesha. Nimezima umeme, nimewasha, imekumbuka. Nimefurahi sana.

Jumatano, 4 Juni

Furaha ya bure. Kurasa zinafunguka, ila programu ya mtihani imemkatalia Rehema alipoijaribu. Saa si sahihi, inasema. Laptopu yake iko mbele kwa saa sita.

Kwenye mashine ya lango kuna programu ndogo inayouliza saa kwa seva za nje na kulinganisha. Elia aliiita mwulizaji. Naiwasha, inakaa kidogo, inajizima. Nimesoma sababu: tofauti ni kubwa mno, haiamini. Nimeandika saa ya simu upya. Inajizima. Nimebadilisha seva ya kuuliza. Inajizima. Nimerudia mpaka ugali ukaungua.

Ila saa ya kwenye skrini na ya simu zinafanana kabisa! Mashine inaonyesha sawa, Rehema anapata saa sita mbele. Hizo saa sita zinatoka wapi?

Rehema amesema anaweza kwenda kufanyia mtihani mjini, kwa dada yake. Amesema kwa upole. Nimemwambia asubiri kesho. Si jambo gumu, ni jambo ambalo sijaliona.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeliona. Rehema ndiye aliyeliona, kwa utani.

Alikuja na chai, akachungulia skrini. "Mama, kwani mzee aliwahi kuishi Ajentina?" Nikamwambia Elia hakuvuka hata Kibaigwa bila kulalamika. Akanionyesha. Mahali pa kuandika mji, ili mashine ijue saa za kufuata, pameandikwa Buenos Aires. Tumecheka mpaka chai imemwagika.

Halafu nikahesabu. Ajentina wako nyuma yetu saa sita. Simu ikionyesha 14, sisi tunasema saa nane. Toa sita, unabaki na nane.

Nikakumbuka. Zamani nilimlalamikia: mashine yako kila kitu inajua, kusema saa kama watu haijui. Akasema nitaifundisha. Baadaye alikuwa anaitazama anaita, "Saa saba, chakula kiko wapi?" na skrini ilikuwa na 7 kweli. Niliona ni kawaida. Kumbe aliidanganya iko Ajentina ili iseme kama mimi. Mwulizaji hakusumbuka, maana saa ya ndani ilibaki sahihi. Mimi ndiye niliyeiharibu, kwa kuandika saa ya simu kwenye mashine inayohesabu kama sisi.

Rehema akasema tubadilishe mji, tuweke wa kwetu. Nikakataa. Nimeuacha. Nikaandika saa kama ninavyoitamka: nne na dakika zake, asubuhi. Nikamwasha mwulizaji. Kakaa. Kakaa tena. Laptopu ya Rehema ikajirekebisha yenyewe, programu ya mtihani ikamfungulia.

Nimelia kidogo. Sikuwa na huzuni tu.

Yona alifika jioni na kiboksi chake. Nikamwonyesha Buenos Aires, nikamweleza na sababu yake. Akasimama. "Kaka yangu, bwana." Kisha: "Shemeji, ulimtesa sana mzee wa watu." Amekula karanga zote za juzi. Kiboksi ameondoka nacho.

Ijumaa, 6 Juni

Rehema amemaliza mtihani. Mtandao haukukatika. Anasema swali la mwisho lilikuwa baya. Amelala mchana kutwa.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeamka kabla ya jogoo, nikakaa mbele ya skrini na shuka begani. Baridi. Mashine ilisoma 23:59. Ikaja 00:00, tarehe ikageuka, na dirishani kukawa na weupe kidogo juu ya kilima.

Siku ya Elia inaanza kunapokucha. Miaka yote hiyo sikuwahi kuiona ikigeuka.

Nimechukua kipande cha shati. Nimefuta vumbi.