Samaki Iko, Bakuli Iko

Mama yangu wa Lweba,

Ulipokuwa hai sikukuandikia barua hata moja, maana ulikaa nyumba ya jirani na ungeona ni dharau. Sasa umelala kule juu ya shamba la mihogo, huwezi kunijia juu, nami nina jambo la kazi ambalo sikuwahi kukueleza likaisha. Kila nilipoanza ulinikatiza: "Mambo ya mashini, ambia mashini." Leo utasikiliza.

Nianze na bakuli, kwa sababu bakuli unalijua. Lile la bati jeupe, ukingo wa buluu, lililobanduka rangi chini. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Likija na sombe ya majani ya muhogo linarudi na chumvi, au ndizi, au hata limau lililosinyaa, mradi kuna kitu ndani. Na ukitaka kitu kwa jirani unamtuma mtoto na bakuli, maana bila bakuli atakileta na nini?

Unaikumbuka siku ya ndakala? Ulinituma kwa Mama Sifa, jirani yetu, nikamwombe ndakala, ukanipa bakuli. Mama Sifa hakuwa nazo, ila alijua wavuvi wamefika, basi akamtuma Amisi, mdogo wangu, aliyekuwa anacheza uani kwake. Akamtuma mikono mitupu. Bakuli likabaki mezani. Amisi alipewa ndakala, wakammwagia rundo juu ya majani, naye hakuwa na pa kuzitia, kwa hiyo akakaa chini kuzilinda zisiliwe na bata. Mama Sifa akangoja, mimi nikangoja. Mwishowe ukaja mwenyewe, mwiko mkononi.

"Ndakala iko wapi?"

"Iko ku maji. Amisi iko nayo," nilisema.

"Na bakuli?"

"Iko humu ku meza," akasema Mama Sifa.

"Samaki iko, bakuli iko, na mi niko na bugali mukavu!"

Mlicheka mpaka Mama Sifa akakaa chini. Hakuna aliyechapwa siku hiyo. Kila mmoja wetu alikuwa amefanya alichotumwa.

Kisha ikaja vita. Sitaieleza, uliiona kuliko mimi. Siku askari walipoingia Lweba, wewe na mimi tulikuwa shambani, tukakimbilia milimani. Amisi alikuwa ufukweni, wenye mashua wakamvuta ndani wakavuka naye kuelekea Kigoma. Hilo tuliambiwa baadaye, na wengine walisema mashua ile haikufika. Miaka yote ya milimani ulipika chakula cha watu watatu.

Tuliposhuka Baraka, milio ya bunduki ilikuwa bado inasikika upande wa Fizi. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma kompyuta kidogo kule Uvira kabla barabara haijafungwa, nilipata kazi kwenye ofisi ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi. Shefu wetu alikuwa mtu wa Lubumbashi, mpole, shati limenyooshwa pasi hata siku ambazo jenereta haina mafuta. Programu ya kutafutia aliiandika yeye. Majina ya watoto waliokuwa kambini ng'ambo ya ziwa yalitujia kwenye diski, tukayaingiza kwenye mashine.

Ulikuja ukakaa kwenye benchi, ukataja jina la Amisi, la baba yake, la babu yake, na la Lweba. Niliandika. Skrini ikajibu: hakuna.

"Hakuna, ni kusema alikufa?"

"Hapana, Mama. Ni kusema mashine haina jibu."

"Basi nitarudia."

Ukawa unarudi kila siku ya soko. Ulimletea shefu bakuli la sombe, naye alikula akamaliza, akaliosha kwa sabuni, akakurudishia linang'aa, tupu kabisa. Njiani ulinung'unika, "Bakuli kavu namna hii! Kwabo hawakumufundisha?" Nilikuambia Lubumbashi wana desturi zao. "Lakini kula banajua," ukasema.

Sasa ndipo penye jambo langu, vumilia kidogo. Programu ile haikuwa moja. Zilikuwa programu ndogondogo, zimehifadhiwa ndani ya hifadhidata yenyewe, moja inaita nyingine. Ya kwanza ndiyo niliyokuwa naibonyeza mimi: naipa jina, inanipa namba ya faili la mtoto. Watoto wa upande wetu iliwatafuta yenyewe. Wa ng'ambo iliituma ya pili, na ya pili ikaituma ya tatu, ambayo ndiyo iliyochimba kwenye majina ya zile diski. Inayotuma lazima itoe nafasi tupu ya kuwekea jibu, na kando ya nafasi hiyo iandike neno moja lenye maana kwamba hiki ni cha kurudishwa. Neno hilo likikosekana, inayotumwa itafanya kazi yake yote, itapata jibu, na jibu litabaki kwake. Mashine hailalamiki wala haiandiki kwamba pana kosa. Nafasi inabaki vilevile, tupu.

Kwa kuwa watoto wa upande wetu tulikuwa tunawapata, hakuna aliyeishuku programu. Kuhusu wa ng'ambo tulisema tu kwamba diski hazijakamilika.

Siku moja ya soko ulikuwa kwenye benchi, bakuli lako tupu mapajani, ukimweleza mlinzi kwamba mtu wa heshima hawezi kurudisha chombo hivyo. Nilikuwa nakusikiliza kwa sikio moja. Ndipo nikafikiri, hebu niiite ile ya tatu peke yake, nisipitie kwa ya pili. Nikaipa jina la Amisi. Ikatoa namba. Nikaipa ya pili jina lilelile, ikarudi tupu.

Nilikaa nikaitazama. Samaki iko, bakuli iko. Nikafungua maandishi ya ile ya pili, nikasoma mstari kwa mstari. Pale inapopokea kutoka kwa ya kwanza, neno la kurudisha lilikuwepo. Pale inapoituma ya tatu, halikuwepo. Ilikuwa ni Mama Sifa yuleyule: bakuli amelipokea vizuri, kisha akamtuma mtoto bila bakuli. Nikaandika neno lililokosekana, nikaanza upya kutoka mwanzo, kwa jina la Amisi.

Skrini ikajaa. Amisi, wa Lweba. Hai. Kambini, ng'ambo.

Nilikusomea. Hukulia. Ukasema, "Endelea," nami nikaendelea kwa sababu ndiyo kazi. Baba: amefariki. Hilo tulilijua. Mstari uliofuata nilisita, halafu nikausoma kama nilivyosoma mingine. Mama: amefariki.

Baadaye Amisi alitueleza. Aliambiwa kwamba nyumba yetu imeungua nasi tukiwa ndani, na walipomwandika kambini akasema hivyo hivyo. Kwa hiyo yeye hakuwa anatutafuta. Lakini siku ile hatukujua. Ulisimama, ukaja upande wangu wa meza ambako wageni hawaruhusiwi, ukaweka kidole juu ya kioo.

"Ni miye huyu?"

"Ni wewe."

"Futa."

"Mama, kuna utaratibu, lazima shefu kwanza..."

"Futa! Andika Mama iko hai. Andika mbele yangu, nione."

Nilimtazama shefu. Akaitikia kwa kichwa. Nikafuta, nikaandika: hai. Ukataka nikusomee tena, nikakusomea. Ndipo ukakaa sakafuni ukalia, nami nikalia juu ya kiti, na shefu akatoka kwenda kuangalia jenereta ambayo haikuwa na shida yoyote.

Aliporudi aliyasoma yale maandishi yake, akavua miwani, akasema, "Ni mi nilifanya hivi." Sitasema kwamba jambo hilo lina undugu na bakuli alilokurudishia tupu. Wewe ulisema, tena kwa sauti, naye akakusikia. Siku ya soko iliyofuata bakuli lilirudi na sukari ndani. Ulilichungulia, ukalifunika. "Sasa iko mutu," ukasema.

Na majibu ya watoto wengine wa ng'ambo yakaanza kutoka, yote yaliyokuwa yamekwama mahali pamoja. Mengine yalikuwa mabaya. Niliyasoma yote.

Amisi alirudi akiwa mrefu kuliko mlango wetu. Ulimtazama juu mpaka chini, na neno lako la kwanza kwake lilikuwa, "We, ulinizika bila kuniuliza?" Alicheka, kisha akashindwa kucheka, ukamshika.

Ofisi ile ilifungwa, ikafunguliwa kwa jina jingine. Siku hizi tunatafuta pia ndugu wa Warundi walioko kambi ya Lusenda, na vijana wapya ninaowafundisha kazi nawachorea bakuli kwanza, wananiona mzee wa ajabu. Hifadhidata ya zamani bado iko chini ya ulinzi wangu. Kanuni yake unaijua: mtu akifariki, faili linasahihishwa. Nimesahihisha mengi, hata ya watu niliokula nao.

Baada ya kukuzika nilifungua faili la Amisi, nikafika kwenye mstari wako, nikalifunga. Nikafungua tena siku nyingine, nikafunga. Nimekukosa sana, Mama. Nalisema hivyo hivyo, sina namna ya kulipamba.

Juzi Amisi alipita ofisini. Alikuwa ameniletea mboga ya lengalenga ndani ya bakuli lako, sasa liko kwake. Akakaa kwenye benchi lile lile.

"Mule mu mashini," akauliza, "Mama iko namna gani?"

"Iko hai."

"Kuna mutu alikwambia ubadilishe?"

"Ni kazi yangu. Napaswa nibadilishe."

Akalisukuma bakuli kuelekea kwangu.

"Uache vile, dada. Mi nilishamuua mule mara moja. Inatosha."

Nikahamishia lengalenga kwenye sahani yangu, nikatia chumvi ndani ya bakuli, akaondoka nalo.

Lala salama, Mama. Mstari wako sijaugusa.

Binti yako,
yule wa kutumwa