Siku munane za «courant»

Jeudi, mangaribi

Siku munane nzima niliandika neno moja tu mu kaye yangu ya kazi: courant.

Ku laboratware yetu ya kupima mawe, mashini zote za hewa na za baridi zimeungana na ordinateri yangu, kompyuta ya ku meza. Kila asubui ninaziita, zinaitika moja-moja. Yenye haiitike ninaiandika «courant», juu hapa Lubumbashi courant, ule umeme, inaendaka kila siku, inarudia, na mashini inaitika tena. Hakuna mwenye kushukaka chini kuangalia. Hata miye.

Leo nilishuka, juu ya Mama Odile, mwenye kuoshaka vyombo vya asidi mule chini. Alikohoa mu koridori mpaka akashika ukuta.

Ile mashini ya siku munane, ya kutoa moshi ya asidi, ilikuwa imekufa, waya imeungua. Na taa ya chumba ilikuwa inawaka. Courant ilikuwako.

Shefu akasema, «Badilisha waya. Na ile ukurasa ya kaye, uitoe.» Nilibadilisha waya. Ukurasa, bado.

Iko hapa mbele yangu. Maandiko ni yangu, ya muzuri, yamenyooka.

Lakini chenye kinanichoma ni ya juzi, mardi. Mama Odile aliniuliza ku mulango, «Mwana, ile hewa inatembea? Kifua kinaniwaka.» Nilikuwa na haraka. Nikamuambia, «Inatembea, mama. Miye njo ninaiangaliaka.»

Akasema aksanti, akashuka.