Teksi ya Kwenda Bloemfontein

Baba Neema,

Nakuandikia nikiwa saluni, nimekaa kwenye kiti cha wateja. Mvua inanyesha hapa Yeoville, Rockey Street nzima, na mvua ikinyesha hakuna anayekuja kusukwa. Usianze kucheka. Nimekwenda Bloemfontein. Ndiyo, mimi mke wako, niliyekuwa nasema heri nibaki nyumbani nichane mawigi kuliko kukaa saa nne na ushee kwenye teksi ya abiria kumi na tano kwa ajili ya watu ishirini na wawili wanaogombania mpira mmoja. Nimekwenda na nimerudi, sauti imenikauka, na nina mengi ya kukwambia.

Ulipoanguka kwenye cherehani yako, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, ilikuwa wiki ya mechi ya Durban. Siku timu inacheza Durban, tawi lako zima la mashabiki lilikuwa makaburini. Gilbert wako wa Bujumbura alilia mpaka akashikwa. Dereva Themba alivaa suti nisiyojua aliitoa wapi, akabeba jeneza upande wa kulia kutoka mwanzo mpaka mwisho, hakukubali kupokezana. Bon, basi, hakuna aliyekwenda Durban.

Baada ya siku chache akaja mwenyekiti wa matawi ya Johannesburg kutoa pole. Mtu wa heshima, sitamsema vibaya. Alikunywa chai, akazungukazunguka na maneno, mwishowe akalitoa lile lililomleta. Tawi likikosa mechi mbili za ugenini mfululizo linafutwa, na bango lake linarudishwa. Durban ilikuwa ya kwanza. Ya pili ni Bloemfontein, na watu wasipungue kumi. Akaongeza kwa upole kwamba labda sasa, mzee akiwa hayupo, ndugu zetu wangejiunga tu na tawi lingine. Macho yake yalikuwa ukutani, kwenye lile bango ulilolishona kwa miezi mitatu, ukalitilia bitana ya mapazia yangu mapya bila kuniuliza. Ile bitana nilikununia wiki mbili, unakumbuka? Basi siku hiyo niliitetea kama mwanangu. Nilimwambia: asante kwa pole, baba, lakini bango halitoki kwenye ukuta wangu, na Bloemfontein tutaonana.

Alipoondoka nikakaa chini. Bloemfontein yenyewe nilikuwa sijui iko upande gani.

Nilidhani watu watagombania viti. Thubutu! Ilikuwa ile wiki ambayo maduka ya wageni yalivunjwa mjini, na kila mlango niliobisha hodi nilijibiwa kwa sauti ya chini. Mama Neema, huu si wakati wa kujionyesha. Mama Neema, barabara ina vizuizi, na karatasi zangu bado ziko ofisini. Gilbert alinipokea mlangoni akiwa na Biblia mkononi, akaniambia safari pekee anayoitaka kwa sasa ni ile ya mbinguni. Nikamwambia Gilbert, hata huko utaulizwa umefanya nini na kiti alichokupa marehemu.

Nilizunguka siku tano. Asubuhi nasuka, jioni nabisha hodi. Na katika kuzunguka huko ndipo nikaanza kuwaelewa, Baba Neema, mambo ambayo wewe ulinieleza miaka yote nikawa nasikia kwa sikio hili na kutoa kwa lile. Salima, yule Mtanzania wa Kigoma anayepika chapati karibu na soko, aliweka kijiti chake cha kusukumia chini, akaniambia: "Dada, mji huu kila mtu ananiuliza natoka wapi. Siku ile tulipofunga kule Polokwane, alinikumbatia mama mmoja nisiyemjua, akanikaza mpaka mbavu zikauma, wala hakuuliza." Akavua aproni, akasema atakwenda. Nikatoka pale nikijua kwamba sigombanii kitambaa.

Jumamosi saa mbili asubuhi nikafungua mlango wa saluni, nikawahesabu. Kumi na mmoja. Gilbert alikuwa wa mwisho, na Biblia yake kwapani, hakuniangalia usoni. Na mimi wa kumi na mbili. Neema alinisaidia kukunja bango, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nina hakika. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba sina, lakini nakwenda.

Sasa sikiliza yaliyotokea Kroonstad.

Tulisimama kituo cha petroli, watu wakaenda chooni, wakanunua chipsi, wakarudi. Themba akawasha gari, akasubiri. Nilikuwa sijui anasubiri nini. Gilbert akanieleza haraka haraka ule utaratibu wako, kwamba tangu siku mlipomsahau yeye Harrismith, bila karatasi mfukoni, akakaa nusu siku nyuma ya matairi akiogopa polisi, kila mtu kwenye teksi yako ana namba yake ya kudumu na lazima aitaje kabla gari halijaondoka. Asiyekuja safari hiyo, wewe kiongozi unasema "hayupo" kwa niaba yake. Namba ikiwa kimya, maana yake kuna mtu ameachwa, na gari haliendi.

Basi wakaanza. Gilbert akaita mbili. Salima akaita tatu. Nne hayupo, akasema Gilbert. Tano, sita, wakaenda hivyo mpaka kumi na nne. Halafu kimya.

Themba akazima gari.

Unamjua Themba, Mzulu wa Tembisa. Kiswahili chake chote ni moja mpaka kumi na nne, ulimfundisha wewe mwenyewe. Aligeuka, akatutazama, akasema "Eish, moja," namba yako wewe, akafungua mlango akashuka. Alikwenda chooni. Tulimwona akiinama kuchungulia chini ya milango. Akaenda dukani, akamuuliza binti wa kaunta, akionyesha kwa mkono urefu wako. Alizunguka nyuma ya malori. Baba Neema, yule ni mtu aliyekubeba begani! Na kwenye teksi hakuna aliyemwita arudi. Hata mimi. Watu wazima kumi na wawili tulikaa tunamwangalia mtu akikutafuta, na nitakwambia ukweli, kuna dakika moja hivi nilitamani akupate.

Aliporudi alisimama mlangoni, akavua kofia akajifunika nayo uso. Mabega yalikuwa yanatikisika. Gilbert akanigusa mkono. Nilielewa kwamba hakuna mwenye haki ya kulisema lile neno isipokuwa mimi. Makaburini sikulisema. Kanisani walisema umelala, umepumzika, umetangulia. Nikashika kiti cha mbele kwa mikono miwili nikasema kwa sauti: moja hayupo.

Nililia, ndiyo, na wote wakalia. Binti wa kaunta alituletea maji, alidhani tumepata ajali.

Themba akawasha gari. Kabla hajaondoa mguu kwenye breki, Gilbert akasema bado, kuna namba nyingine. Kumi na tano. Nikauliza kumi na tano ni nani. Wakatazamana. Ni Salima aliyeniambia. Kwamba miaka yote hiyo, kila kituo, kila safari, baada ya kumi na nne ulikuwa unaita mwenyewe kumi na tano, halafu unajijibu: "Yuko njiani." Kwamba kile kiti cha dirishani nyuma ya dereva ulikataza kisiwekwe hata mfuko. Mwanzoni walikucheka. Baadaye ikawa teksi nzima inakuitikia kwa pamoja, yuko njiani. Na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo tangu Yeoville, nikifikiri nimebahatika kupata dirisha.

Kwa nini hukuniambia, wewe mwanaume? Nikasema kumi na tano, nipo, na teksi ikapiga kelele mpaka watu wa petroli wakageuka.

Uwanjani tulifika mapema. Mwenyekiti alikuwa langoni. Alituhesabu kwa kidole, akarudia, nikamwachia arudie. Tulilitundika bango, Salima upande mmoja na mimi upande mwingine, na upepo wa kule, Yesu wangu, upepo wenye visu. Tumefungwa mbili bila. La pili nasema halikuwa halali, na nimemwambia hivyo mwamuzi kwa Kiswahili, Kifaransa na Kibembe, hakunisikia. Kuotea bado sijui ni nini. Gilbert amenieleza mara tatu, na mara ya tatu nikaona bora niitike tu.

Mwisho wa mchezo mwenyekiti akaja na fomu. Tawi linabaki, akasema, ila panatakiwa jina la kiongozi, na akampa Gilbert kalamu. Gilbert akanipa mimi. Nimeandika jina langu lote, lile la ubatizo na lile la baba yangu, halafu pembeni nikaandika mke wa Amani, ingawa hapakuwa na nafasi.

Sasa liko neno moja, na ndilo lililonikalisha hapa kuandika. Jumamosi ile ya mwisho ulisimama mlangoni na kofia yako ya timu, ukaniambia kama kawaida, mama, leo twende wote. Nilikuwa na kichwa cha mteja mapajani. Nikakujibu bila hata kuinua macho kwamba labda ufe kwanza ndipo nitapanda hiyo teksi. Mteja alicheka. Wewe ulicheka pia, ukaenda. Siku tatu tu zikapita.

Sijamwambia mtu. Hata kwenye maombi nimelizunguka. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, na sitakuomba uniambie ulijua natania, kwa sababu hutanijibu. Nisamehe, Amani. Nilikupenda na ulimi wangu ulikuwa mkali, na vyote viwili vilikuwa vyangu.

Siwezi kulirudisha lile neno. Ninachoweza ni kupanda. Polokwane ni Jumamosi ijayo, saa mbili kamili mbele ya saluni. Halafu Nelspruit, halafu Durban yenyewe tuliyoikosa. Nitapanda ikinyesha, nitapanda tukifungwa, nitapanda hata watu wakiogopa tena, na nitawabishia hodi mpaka watoke. Hiyo ni ahadi, na unajua mimi nikikasirika huwa sirudi nyuma.

Lala, mume wangu. Kwaheri. Watu wako ninao.

Mama Neema