Bawa Halijaisha, Kornelio

Leo ni Jumamosi, saa moja asubuhi. Ukungu umeifunika Soni, na manyunyu yanaanguka juu ya kaburi lako. Mwaka mzima umepita, Kornelio, tangu pumzi yako ikatike katika hospitali ya ugenini, ukarudishwa kwetu ndani ya jeneza ambalo hukulitengeneza wewe.

Mtaa huu ulizoea majeneza yako. Aliyefiwa alipofika karakanani, ulimpa kiti kwanza, ukazima mashine, ukamsikiliza mpaka amalize kulia. Vipimo viliulizwa mwisho.

Tunaikumbuka pua yako. Hukukata ubao kabla ya kuunusa. Uliukwangua kwa ukucha, ukausogeza puani, ukafumba macho. "Huu bado una maji," ulisema. Au, "Huu umelala na mbuzi!" nasi tukacheka. Baba alikufundisha hivyo, naye alifundishwa na Babu, enzi za mikulo mikubwa, ile miti ya kafuri ya milima yetu, ambayo harufu ya mbao zake ilijaza nyumba nzima. Wewe ukamfundisha mdogo wako, Shukrani.

Kisha makumbusho ya ndege ya ng'ambo, yaliyosikia sifa za ufundi wako, yakakuita. Walikuwa na ndege ya mabomu ya Vita Kuu ya Pili, iliyoundwa kwa mbao na gundi, na bawa lake la kushoto lilikuwa limeoza. Ulipotuonyesha picha yake kwenye simu, Mama aliitazama kwa muda mrefu.

"Kabati hili ndilo lililokuwa likiua watu?"

"Mama, halibebi mabomu tena. Watoto wa shule wanalipiga picha, halafu wanakwenda kula aiskrimu."

"Lisije likakudondokea wewe."

"Litadondokaje, nalo limeegeshwa ndani ya nyumba? Mama, wewe hata jogoo unamwogopa."

Mama alicheka siku ile. Hajacheka hivyo tena.

Walikupa barakoa. Tunalisema wazi, maana hatuna wa kumlaumu. Wenzako walitueleza kwamba uliivaa, lakini kila mlipofungua sehemu mpya ya bawa uliishusha kidevuni, ukakwangua, ukanusa. Mbao zile zilikuwa zimepakwa sumu ya wadudu miaka mingi iliyopita. Ulitutumia ujumbe wa sauti: "Mbao hizi zinanuka dawa tupu. Nautafuta mti wenyewe." Kisha ukakohoa. Mama alikujibu unywe mchaichai na tangawizi. Sote tulidhani ni baridi. Daktari alipotupigia simu, mapafu yako yalikuwa yamekwisha.

Kornelio, leo hatukuja kukusifu tu. Tumekuja kukuomba.

Makumbusho yale yamemwita Shukrani akalimalizie bawa lako. Amekubali. Anaondoka wiki ijayo. Baba amemkataza, Mchungaji amemsihi, na juzi Mama alipiga magoti mbele ya mwanawe mwenyewe, jambo ambalo nyumba yetu haijawahi kuliona.

"Basi nizike kwanza, mwanangu, ndipo uende."

"Inuka, Mama, tafadhali. Kazi ya kaka haiwezi kubaki nusu. Nitavaa barakoa."

"Hata yeye aliivaa."

"Mimi sitanusa."

"Wewe?" Baba alidakia. "Jana ulinusa hata ugali!"

Hakuna aliyecheka.

Wewe ndiye pekee aliyekuwa akimsikia. Ulipomkataza kupanda mawe ya maporomoko, hakuyapanda tena. Mkataze na hili. Hatujui utafanyaje. Imani yetu haituruhusu kuwaomba wafu, na Mchungaji akiyasoma haya atatukemea. Na atukemee. Mungu tumemwomba usiku na mchana, na begi limekwisha kufungwa.

Tulipomaliza sala, baba yako, Mzee Aron, alikwenda kuifunga karakana, zana zote zikiwa ndani, akatia ufunguo mfukoni. Mama yako, Esta, alibaki ameketi kwenye majani mabichi, akakataa mwavuli. Dada yako, Sesilia, alipanga maua, kisha akaandika maneno haya kwa niaba ya wote. Mdogo wako, Shukrani, aliupangusa kwa kiganja msalaba wako, ule uliochongwa kwa mkulo wa mlango wa zamani wa Babu. Kisha, akidhani hatumwoni, aliinama, akaukwangua kwa ukucha, akafumba macho.

Daima tutakukumbuka wewe, Kornelio. Tusaidie tusije tukakumbuka wawili.