Mega za Matanga

Kisangani, Kabondo
Jumatatu, 10 Novemba 2025

Mpendwa Yaya Abdulhamid, kaka yangu,

Asalaam aleikum. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima huko Durban, na kile kikohozi chako kimekuachia kifua. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mume wangu Yusufu yupo, bado anahangaika na mbao zake. Mama yupo kule kule Lubunga, ng'ambo ya mto, miguu ina nguvu na mdomo una nguvu zaidi. Jirani akimwibia ukuni mmoja tu, mtaa mzima unapata habari kabla ya adhuhuri.

Najua umeshangaa. Nani anaandika barua siku hizi? Anaibeba mama Florentine, yule muuza vitenge, mpaka Lubumbashi, na huko atamkabidhi mtu wa basi. Nimechagua karatasi kwa sababu simu yangu sasa ina masikio ya watu wengi, na kwa sababu kuna jambo la mama ambalo lazima ulijue, ingawa mwenyewe amenikataza.

Kwanza nijibu lawama yako. Mwezi uliopita ulituma ujumbe wa sauti ukasema tumekusahau, kwamba unatulipia forfait ya mwezi, mega za intaneti za kutosha, na hata Idi imepita mama hajaonekana kwenye video. Niliusikiliza nikalia, halafu nikakasirika. Mega zako zinafika, Yaya. Ila hazifiki kwangu.

Unakumbuka baba mkwe wangu, Papa Mohamadi, alifariki mwanzoni mwa mwaka. Mtoto wake mkubwa yuko Brussels na hakuweza kuja, akaomba aone mazishi ya baba yake. Ya Malika, dada mkubwa wa Yusufu, ana simu ya picha nzuri lakini haikuwa na mega. Mimi nilikuwa na zile zako, mpya. Nikafungua hotspot, nikampa code ya kuingilia. Nilifikiri ni kama makaa ya jikoni: mwenzako anakuja na kibati, anachukua kaa moja, na moto wako haupungui. Tumelelewa hivyo, moto haunyimwi mtu. Kumbe mega si moto.

Siku ya tatu mjomba wao alisimama katikati ya uwanja kutaja michango. Huyu mchele, huyu sukari, yule makaa. Alipofika kwangu akasema, "Na muke ya Yusufu, yeye ametoa connexion." Watu walicheka, kisha wakaitikia amina. Mimi pia nilicheka, mjinga mimi. Maana desturi ya nyumba hii ni kwamba kilichotajwa mbele ya matanga hakirudishwi mpaka matanga yaondolewe. Jirani aliyetajwa kwa viti vyake mpaka leo anakaa juu ya bidoni la maji kwake.

Na matanga hayaondolewi bila yule mtoto mkubwa. Kila mwezi anasema atakuja mwezi ujao. Arobaini ilipita, tukasoma, tukala, nikadhani nimefunguliwa. Wapi! Kila Alhamisi kuna dua pamoja na wale wa Brussels na Kinshasa, na dua inapita kwenye simu yangu. Siku nyingine zote, wale waliokaa kwa ajili ya dua wanabaki kwa ajili ya mpira, muziki na mambo mengine ambayo marehemu, Mungu amrehemu, asingeyatazama.

Nilikuwa sielewi mega zinakwisha vipi upesi namna ile. Siku moja nikaingia ndani ya mipangilio ya simu, pale inapoonyesha kila kitu kimekula kiasi gani. Yaya, sehemu yangu ilikuwa kama chumvi ndani ya sufuria. Nyingine yote ilikuwa imeandikwa hotspot. Na si kwamba wote wanatazama sinema. Simu ikipata mtandao wa mwenzake inajiona iko nyumbani kwa tajiri. Inajisasisha yenyewe, inapakia picha za mwaka mzima huko zinakowekwa, wakati mwenye simu amelala usingizi. Forfait ya mwezi mzima haimalizi juma. Simu yangu nayo inachemka mpaka unaweza kupasha mikono, betri imevimba, na kila siku napanga foleni kwa mwenye sola ili nichaji.

Usiniambie nibadilishe code. Nilibadilisha. Ya Malika alinijia mbele ya wageni, amejifunga kanga yake ya matanga, akasema, "Rachida, baba yetu iko ndani ya udongo, na weye unatufungia mulango? Bon. Useme basi mbele ya famille kama umechoka naye." Nilimpa code mpya, na chai juu yake.

Yusufu si mtu mbaya, unamjua. Nilipomlilia aliinamisha kichwa tu. "Mi najua, chérie. Lakini ukifunga, wataniuliza mimi. Uvumilie kidogo, grand frère wa Brussels atakuja." Ndiyo maisha yangu sasa. Nikifungua, naliwa. Nikifunga, nimemzika mkwe wangu mara ya pili. Nikiondoka, naitwa mwanamke aliyekimbia matanga. Wewe umefungwa huko na karatasi za uhamiaji, mimi nimefungwa hapa kwa tarakimu nane ambazo nilizitunga mwenyewe.

Yote hayo ningemeza, kama si macho ya mama.

Alianza kujigonga kwenye miimo ya mlango, akawa anasema mlango umesogea. Nilimvusha mto nikampeleka kwa daktari wa macho. Daktari alisema ni presha ndani ya jicho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na dawa ya matone itashikilia tu kile kilichobaki, tena si kwa muda mrefu. Mama hakuuliza bei wala hakulia. Kwenye pirogi ya kurudi aliniambia neno moja tu, kwamba anataka kuuona uso wako kabla giza halijafunga. Nilimwahidi. Nikaona ni jambo dogo, simu ipo, mega zinatumwa.

Basi kila Jumapili nilivuka kwenda Lubunga. Mama alikuwa ananisubiri amenawa uso, amejipaka mafuta, amevaa ule ushungi wa kijani uliomtumia, kiti ameweka nje penye mwanga. Nami nikifungua simu napata ujumbe kwamba forfait yako imekwisha. Mara moja nilinunua ya siku kwa pesa ya mboga. Kabla sijafika kivukoni, Ya Malika akaomba amalizie neno na kaka yake, nikasimama, nikangoja, na neno hilo likala siku yangu. Mama hakunilaumu. Alisema, "Si kitu, itakuwa dimanche ingine," akaingia ndani kuvua ushungi. Jumapili zikafuatana, na kila nikimkuta alikuwa anashika ukuta zaidi.

Hii ndiyo bei yake, Yaya. Wewe unajua bei unayolipa dukani. Mimi nimejua ile nyingine.

Juma lililopita Ya Malika alikwenda Bengamisa kununua mpunga. Forfait yako ikaingia jana, Jumapili asubuhi. Sikumwambia mtu, hata Yusufu. Nilizima simu kabisa, nikaificha ndani ya kikapu cha mihogo kama mwizi, nikavuka mto. Nilipoiwasha kwenye uwanja wa mama, nilikupigia, ukapokea mara moja. Uso wako ulijaa kioo chote, safi, bila kukatika.

Ulifurahi pia, nilikuona. Mama alikuambia umenenepa. Alikuambia Durban imekupenda. Halafu akakuambia ndevu zinakufaa, umefanana na baba. Ukacheka sana, ukajishika kidevu, ukasema mama haachi utani wake.

Yaya, ulikuwa umenyoa.

Mama hakuwa anatania. Alikuwa anaongea na sura yako uliyoondoka nayo, kwa sababu ile iliyokuwa mbele yake hakuiona. Nilikuwa nimeishika simu, nikamtazama, na macho yake yalikuwa juu kidogo, kwenye mkono wangu, mahali aliposikia sauti inatoka. Ulipokata aliniuliza, "Rachida, nilikuwa naangalia fasi yenye uso wake iko?" Nikamwambia ndiyo, mama. Kisha akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu. "Usimwambie. Iko mbali, atafanya nini? Acha acheke."

Nilikusudia kumtii. Lakini jana usiku umeniandikia kwamba unaweka akiba umtumie simu yenye kioo kikubwa, ili akuone vizuri zaidi. Nikakuona ukifanya kazi usiku kule bandarini kwa ajili ya kioo hicho, na nimeshindwa kunyamaza. Usitume simu, kaka yangu. Pesa hiyo iweke kwenye safari yako, siku watakapokufungulia njia. Kwa sasa mpigie sauti tu, Jumapili, nitakuwa nimefika kwake baada ya sala ya adhuhuri. Mzungumzishe. Mwambie unakula nini, unakaa na nani, mvua ya huko inanyeshaje. Sauti haili mega nyingi. Hata hawa wakinibakishia kidogo kabisa, itatosha.

Ya Malika amerudi toka Bengamisa jana jioni. Kabla hajashusha mzigo aliniuliza kwa nini watoto walikosa mtandao siku nzima. Nikamwambia betri. Hapa ninapoandika simu iko dirishani, moto kama pasi, na watoto wa uwanja mzima wameizunguka.

Yusufu anakusalimu sana, asema usimwone kama mtu asiyemlinda dada yako. Mama Fortunée, yule jirani wa mama anayemtilia matone asubuhi na jioni, anakusalimu pia, na anauliza kama huko nako kuna samaki. Uwasalimie wale vijana wa Isangi unaokaa nao. Mwenyezi Mungu akulinde barabarani na kazini, akufungulie mlango pale watu wamefunga, na atukutanishe tukiwa hai.

Mama anakusalimu. Ameniambia nikiandika nisisahau kukujulisha kwamba amekuona vizuri, na moyo wake umetulia. Nimeandika kama alivyotaka.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye bila kuhesabu,

Rachida