Yusta, Baraza la Mawe Limebaki

Yusta,

Kamwene, dada. Baraza la mawe halikuvunjwa. Mvua zilichelewesha wabomoaji, na mwezi uliopita halmashauri ikapitisha sheria ndogo uliyoitaka: majengo ya zamani ya mji wetu yasiguswe bila kikao cha madiwani.

Hoja yako niliisoma mimi. Baada ya kukuzika nilizunguka kata zote, hata zile za mlimani ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne. Nilikaa na wazee ambao kesi zao ziliamuliwa pale barazani, nikaandika waliyosema. Vile viatu vyangu vyeusi ulivyovicheka vimekwisha soli. Na bado, hoja ilipopita, madiwani walisimama wakakutaja wewe. Wewe, Yusta! Mimi nipo pale, karatasi mkononi, hai.

Nilikuonea wivu. Tangu siku tuliyoapishwa pamoja, sisi wawili wa viti maalumu, ukifungua mdomo ukumbi unatulia; nikifungua mimi, watu wanatafuta miwani yao. Ndiyo maana siku ile ya kwanza, ulipoomba baraza lisivunjwe kupisha fremu za maduka, na mwenyekiti akasema wanaounga mkono wanyooshe, mkono wangu niliuacha mapajani. Nilijua una haki. Nilitaka tu ushindwe mara moja, nikuone ukiwa kama mimi.

Ulishindwa. Ukanitazama. Nje mvua ilikuwa inanyesha, ukanifunika nusu ya kanga yako, ukauliza, "Umekula?" Basi. Hukusema lingine juu ya jambo lile mpaka ugonjwa ulipokuchukua.

Jumamosi tumeweka jiwe la kumbukumbu ukutani. Mwenyekiti aliniachia mimi niandike maneno ya jiwe hilo. "Wewe ndiye uliyemjua, Mheshimiwa." Mara ya kwanza niliandika majina mawili, lako na langu. Nikaichana ile karatasi. Usidhani ni wema. Nilimwonea aibu fundi atakayelichonga. Jina lako liko peke yake. Limependeza, na linaniudhi.

Kisha mama yako akaja kutoka Kilolo. Alipitisha kidole kwenye herufi, moja moja, halafu akanishika mikono yote miwili mbele za watu. "Asante, mwanangu. Yusta aliniambia, siku ile walipomkataa, wewe ulinyoosha mkono pamoja naye."

Watu walipiga makofi, Yusta. Walinipigia mimi. Miaka yote nimeyatamani makofi yale, na yalipokuja nilitaka ardhi inimeze.

Kwa nini ulimwambia hivyo? Ulikuwa unanificha, au ulikuwa unaficha kwamba rafiki yako ni mtu wa namna hii? Sitajua. Ninachojua ni kwamba hata hapo umenishinda, na hili siwezi kulishindania.

Jumapili baada ya misa nitapanda gari la Kilolo. Nitakaa chini kwenye mkeka wa mama yako nimwambie ukweli wote. Akinifukuza nitaondoka, na wiki itakayofuata nitarudi na jembe kumpalilia mahindi yake, maana magugu yamemzidi na hana mtu mwingine. Hilo nakuahidi.

Pumzika, dada. Bado nakuonea wivu.

Asunta